Kabla ya Kununua Kamera, Mjue Utakayempiga Picha



Juma hili safu yetu yatoka kidogo katika mambo ya malezi na mirathi, kwa ajili ya mama mmoja wa Mji wa Kale aliyetuletea swali kuhusu kamera. Bintiye hupenda kupiga picha, si kwa kazi bali kwa mapenzi tu: watoto wa nyumbani, asubuhi ya Idi, majahazi, na harusi za jamaa. Kwa muda mrefu amekuwa akichangia katika chama cha wanawake wenziwe, na sasa zamu yake ya kupokea imekaribia. Ameazimia kununua kamera ya kisasa, hizi ziitwazo kamera zisizo na kioo. Dukani ameonyeshwa nne, na kila moja imesifiwa kuliko mwenziwe. Mama auliza mambo mawili: ni ipi yenye kufaa, na je, kuna haja gani ya kutoa fedha zote hizo ilhali simu aliyonayo mkononi yatoa picha nzuri?

Swali la pili ndilo lenye haki ya kujibiwa kwanza, kwani likijibiwa kwa "hapana haja", la kwanza limekufa.

Simu ya leo, mchana penye nuru, hutosha. Atakaye picha ya mtoto barazani, au ya sahani ya futari ya kumpelekea shangazi yake aliyeko Maskati, hahitaji kitu kingine. Simu hushindwa mahali pawili. Kwanza ni penye uhaba wa nuru pamoja na mwendo: ukumbi wa harusi usiku, mtoto akimbiaye uani baada ya magharibi. Kile kibao kidogo cha ndani kinachopokea nuru, ambacho hapa tutakiita kihisi, katika simu nyingi hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Basi simu hulazimika kukisia kwa hesabu yale ambayo haikuyaona, na ndiyo maana nyuso hutoka laini kama nta, na hina mikononi mwa bibi harusi hupotewa na michoro yake.

Mahali pa pili ni pazito zaidi, nami naona ndipo penye jibu la kweli la mama huyu. Simu haiko peke yake. Simu nyingi zimewekwa zipeleke kila picha kwenye hifadhi ya intaneti bila ya kumuuliza mwenyewe, na kutoka humo picha huonekana katika simu nyingine na kompyuta nyingine za nyumba hiyo, za kaka na za mume. Usiku wa kupamba wanawake wamevua mabuibui, wamefungua nywele, wamo baina yao. Picha iliyopigwa kwa simu yaweza kuwa imekwisha kutoka ukumbini kabla bibi harusi hajaondoka kitini pake. Kamera huandika picha katika kadi, na kadi hukaa ndani ya kamera mpaka mtu aitoe kwa mkono wake. Nyumba yenye binti ajuaye kutumia kamera vizuri, na ajuaye kuitunza kadi yake, haina haja ya kumleta mpiga picha asiyejulikana katika faragha ya wanawake. Ama hukumu ya picha zenyewe, wanavyuoni wameizungumza kwa urefu na hawakuafikiana. Atakayeshika kauli ya kukataza na ashike, nasi leo twazungumza na waliokwisha kuamua.

Basi kioo kilichoondolewa ni kioo gani?

Katika kamera za zamani za lenzi za kubadilisha, nyuma ya lenzi palisimama kioo kidogo kilicholazwa mshazari. Nuru iliingia kwa lenzi, ikakipiga kioo, ikapanda juu na kufika jichoni mwa mpiga picha. Alipobonyeza, kioo kiliinuka kwa kishindo, nuru ikapita nyuma, na picha ikaandikwa. Mlio ule wa "klak" tuliouzoea katika maharusi ulitoka humo kwa sehemu kubwa. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera iitwayo Lumix G1, ambayo kioo hicho hakimo kabisa: nuru yafika kwenye kihisi moja kwa moja, na anayechungulia haoni mandhari yenyewe bali aona picha yake katika skrini ndogo iliyo ndani ya kijidirisha. Sony ilifuata mwaka 2010, na hao wakongwe wawili, Nikon na Canon, walipoziingiza kamera zao kubwa katika njia hiyo mwaka 2018, mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Leo kamera mpya za watengenezaji hao karibu zote hazina kioo.

(Tukishika asili ya mambo, hakuna ajabu kubwa hapa. Neno "kamera" katika Kilatini ni chumba, na aliyeichunguza nuru iingiayo katika chumba cha giza kwa tundu dogo, akaiandika kwa utaratibu wa kielimu katika Kitab al-Manazir, ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Chumba kile nacho hakikuwa na kioo.)

Wauzaji watamwambia binti kwamba faida ya kuondoa kioo ni wepesi wa mzigo. Ni kweli, lakini si faida kubwa kuliko zote. Faida kubwa kwa watu wa pwani yetu ni kwamba unaiona picha kabla ya kuipiga. Nitaeleza kwa nini nasema watu wa pwani yetu.

Kila kamera, iwe na akili namna gani, hupima nuru kwa kudhani kwamba mandhari iliyo mbele yake kwa wastani ni ya rangi ya kijivu. Ikielekezwa kwenye safu ya wanaume waliovaa kanzu nyeupe asubuhi ya Idi, husema, "Hapa nuru imezidi," ikaipunguza, na kanzu zilizofuliwa na kupigwa pasi zikatoka rangi ya jivu la jikoni, na nyuso za wenyewe zikawa nyeusi hazitambulikani. Ikielekezwa kwa wanawake watano waliovaa mabuibui, husema, "Hapa giza limezidi," ikaongeza nuru, buibui likageuka kijivu na uso ukaungua kwa weupe. Dawa yake ni kitufe au gurudumu lenye alama ya kujumlisha na kutoa. Penye kanzu ongeza, anza na 1. Penye buibui punguza, vivyo hivyo. Kwa kamera ya kioo mpiga picha alikisia, akapiga, akatazama, akarudia, na watu wamechoka kusimama juani. Kwa kamera isiyo na kioo, unapolizungusha gurudumu picha yabadilika mbele ya jicho lako, nawe wasimama pale kanzu inapokuwa nyeupe na uso ungali uso. Kwa hiyo nashauri binti anunue kamera yenye kijidirisha cha kuchungulia, si skrini ya nyuma peke yake. Nikon Z30, kwa mfano, ni kamera nzuri lakini haina kijidirisha, na kwa jua letu la saa 4 asubuhi skrini ya nyuma huonekana kwa shida.

Faida ya pili ni ukimya. Kamera hizi nyingi zaweza kupiga picha bila mlio wowote, jambo lenye adabu wakati khutba ya nikahi inasomwa. Lakini jihadhari nalo ukumbini. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hung'aa na kufifia mara 100 katika sekunde hiyo moja bila jicho kujua. Kamera inapopiga kimya husoma kihisi mstari baada ya mstari, na picha ikatoka na mapande ya giza na nuru kama mkeka wa miyaa. Weka kasi ya 1/100 au 1/50, mapande hayo kwa kawaida hutoweka. Yasipotoweka, rudi kwenye mlio. Bibi harusi hatakasirika.

Sasa ukubwa wa kihisi, kwani hapa ndipo fedha za chama hupotea. Kamera hizi zina vihisi vya aina tatu zilizo mashuhuri. Kikubwa ni cha milimita 36 kwa 24, sawa na ule utepe wa filamu tuliokuwa tukipeleka studio kusafishwa. Cha kati kina upana wa milimita 22 au 23 na nusu hivi, kwa kutegemea mtengenezaji. Kidogo, kinachotumiwa na Panasonic na Olympus, ambayo sasa huitwa OM System, kina upana wa milimita 17 na kidogo. Kikubwa hupokea nuru nyingi zaidi, hilo halina ubishi, lakini kila kitu chake ni ghali na kizito: mwili, lenzi, hata mkoba. Kwa mwenye kupiga kwa mapenzi tu, cha kati ni wastani mwema, na fedha zinazosalia ziende kwenye lenzi.

Hapo kwenye lenzi naomba msomaji atulie nami kidogo, kwani duka halitamwambia. Kamera huuzwa pamoja na lenzi moja ya kuvuta na kusogeza, ambayo pembeni imeandikwa nambari kama 3.5-5.6. Nambari hiyo ni kipimo cha tundu la kupitishia nuru, na kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi hiyo ikivutwa mpaka mwisho ili kuukaribia uso, tundu lake ni 5.6. Karibu na kabati hilo hilo huwapo lenzi nyingine ndogo, nyepesi, isiyovuta wala kusogeza, iliyoandikwa 1.8. Lenzi ya 1.8 hupitisha nuru karibu mara 10 ya ile ya 5.6. Mara 10! Hakuna kamera mpya ya bei ya juu itakayokupa ziada hiyo juu ya kamera ya miaka mitano nyuma. Binti mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya 1.8 atapiga picha ukumbini bila flashi ya kuwapofusha mabibi wazee, na nyuma ya uso wa bibi harusi viti vya plastiki vitayeyuka visionekane. Mwenye kamera ghali na lenzi iliyokuja nayo atapata picha za ukungu.

Urefu wa lenzi huandikwa kwa milimita. Katika kihisi cha kati, lenzi ya 35 huona karibu kama jicho la mtu lionavyo, yafaa sebuleni na barazani. Ya 50 hukaribisha zaidi, ni ya nyuso. Nyumba zetu za Mji wa Kale na za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mwenye 50 atajikuta mgongo umegota ukutani na shangazi wawili hawajaingia katika picha. Aanze na 35 au iliyo karibu nayo.

Ama yale mengine yanayotajwa dukani, tuyapite upesi. Megapikseli 24 zatosha kuchapa picha ya upana wa sentimita 50 yenye kupendeza kwa kuitazama karibu, na ni nani kati yetu ana ukuta wa picha kubwa kuliko hiyo? Kifaa cha kutuliza mtikisiko ni kizuri, lakini hutuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi mtoto. Video za 4K zataka kompyuta yenye nguvu na hifadhi kubwa. Asiye nazo asizilipie.

Je, anunue ya nani? Sina mapenzi na mtengenezaji yeyote, na kamera mbovu za siku hizi ni chache. Nitasema tu ninayoyajua ya kila mmoja. Sony yatumia mdomo mmoja wa lenzi kwa kamera zake za kihisi cha kati na kikubwa, na lenzi zake, pamoja na zile za Sigma, ni nyingi hata za mkono wa pili. A6000 ya mwaka 2014 bado yafanya kazi ya kuridhisha. Fujifilm hupendwa kwa rangi zake na kwa magurudumu ya kuzungusha kwa kidole kama kamera za zamani. Canon R50 ni nyepesi na rahisi kwa anayetoka kwenye simu. Nduguye wa bei nafuu, R100, ana skrini isiyogeuka wala kuguswa, na mtu aliyezoea simu atalisikitikia hilo siku ya kwanza. Nikon Z50 hukaa vizuri mkononi. Muhimu kuliko jina ni hili: binti azishike zote, achungulie, na aulize bei ya lenzi ya 1.8 au iliyo karibu nayo ya kila moja kabla ya kuuliza bei ya kamera. Na kama fedha za chama hazitoshi, angoje au anunue ya mkono wa pili. Asizijazie kwa mikopo ya simu yenye riba, kwani picha ya harusi si dharura.

Anunuaye ya mkono wa pili ajihadhari na mambo machache. Atakutana na Canon za mfululizo wa M, kama vile M50, kwa bei ya kuvutia. Ni kamera njema, lakini Canon imeuacha mfululizo huo, na lenzi zake haziingii katika kamera zake mpya za R. Anunue akijua kwamba njia hiyo imefungwa mbele. Atakutana na Sony zilizouzwa kwa soko la Japani, ambazo maandishi yake ni ya Kijapani peke yake na hayabadiliki. Afungue orodha ya lugha hapo hapo dukani. Kisha aivue lenzi, amulike tochi ya simu upande mmoja na kutazama upande wa pili. Akiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui mdogo, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo airudishe hata akipunguziwa nusu ya bei. Mwisho, apige picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo, 16 hivi, aikuze: madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi juu ya kihisi. Hilo husafishika kwa fundi, lakini lipunguziwe bei.

Wako pia wenye lenzi za kamera za kioo zilizoachwa nyumbani na mjomba au marehemu baba. Msizitupe. Kwa kuwa kioo kimeondoka, lenzi sasa yasimama karibu zaidi na kihisi: kwa Nikon nafasi hiyo ilikuwa milimita 46.5, sasa ni 16. Pengo lililobaki hujazwa na pete iitwayo adapta, na lenzi ya zamani ikafanya kazi katika kamera mpya. Za Canon za tangu 1987 hufanya hivyo bila taabu. Za Nikon za zamani ambazo hazina mota ndani yake zitapiga picha kwa adapta yao ya FTZ, lakini mpiga picha atazungusha mwenyewe kwa mkono mpaka picha ikae sawa. Kwa picha ya jahazi lililotia nanga si kitu. Kwa watoto wa chekechea ni mtihani.

Kuvu niliyoitaja ndiyo adui mkubwa wa kamera katika hewa yetu. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na lenzi iliyofungiwa kabatini katika mkoba wa ngozi, baina ya nguo, huota kuvu bila ya kutumiwa. Chukua kopo la plastiki la jikoni lenye mfuniko unaobana, tia vile vifuko vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uviongeze kila upatapo. Usiibadilishe lenzi ufuoni wakati wa upepo, kwani kihisi hakina kioo mbele yake cha kukikinga. Na akina mama, nasema kwa heshima: lenzi haifutwi kwa ncha ya leso yenye mafuta ya nazi na haludi, wala kamera haiwekwi kando ya chetezo cha udi. Moshi ule wapendeza puani, juu ya lenzi ni utando.

Anunue na betri ya pili, kwa sababu kamera hizi huwasha skrini wakati wote, na nyingi zakadiriwa picha 300 hadi 400 kwa chaji moja. Harusi moja huzimaliza.

Sasa turudi kwenye kadi, kwa maana ndiyo amana. Binti azime Wi-Fi na Bluetooth za kamera siku ya harusi. Programu za watengenezaji za kuunganisha kamera na simu, kama SnapBridge ya Nikon, zikiruhusiwa huweza kuhamisha nakala ndogo ya kila picha kwenda kwenye simu bila kuguswa, na tukawa tumerudi tulikotoka. Anapokwenda kuchapisha, asimkabidhi mwenye studio kadi yote. Anakili zile picha chache zinazochapwa kwenye flashi nyingine, na zile za faragha zichapwe nyumbani kwa printa ndogo, au zisichapwe.

Na ajue kwamba kufuta si kufuta. Unapofuta picha katika kadi, hata ukiisafisha kadi nzima kwa kitufe cha kamera, kinachoondoka kwa kawaida ni orodha tu. Picha zenyewe zimo mpaka nyingine ziandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zapatikana kwa yeyote. Kadi iliyobeba usiku wa kupamba haiazimwi, haiuzwi pamoja na kamera, haiendi kwa fundi ndani ya kamera. Ikibidi itumike kwa jambo lingine, irekodiwe video ya ukuta mtupu mpaka ijae pomoni, kisha isafishwe. Ikichakaa, ikatwe kwa mkasi.

Kwa hiyo, mama, jibu langu kwa bintiyo ni hili: kamera yenye kihisi cha kati na kijidirisha cha kuchungulia, ya mkono wa pili kama imekaguliwa, lenzi moja ya 35 ya 1.8 au iliyo karibu nayo, betri mbili, kopo la plastiki, na kadi mbili za rangi tofauti. Moja ni ya majahazi, watoto na Idi. Ya pili ni ya wanawake, iandikwe jina lake, na ikae katika sanduku lako wewe mama, pamoja na dhahabu.